Simu Kabla ya Chai

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kwangu. Au ilianza hivyo.

Msimamizi wa ukumbi wa wazee, binti mwembamba mwenye sauti ya kipaza sauti, ametangaza utaratibu mpya. Mwezi uliopita mwenzetu fundi saa alianguka bafuni kwake, akalala sakafuni siku mbili bila mtu kujua. Sasa anaendelea vizuri, lakini sote tulishtuka. Kwa hiyo tutapangwa wawili wawili. Kila asubuhi, kabla ya chai, mtu atampigia mwenzake simu. Asiyepokea ataendewa nyumbani. Mkunga amejitolea kuwa mtu wa kwenda.

Mkunga! Mjane, mstaafu wa wodi ya wazazi, anacheka kwa mabega. Mimi ni mgane, mstaafu wa reli, mkaguzi wa tiketi niliyekuwa nikimtambua msafiri asiye na tiketi kwa namna anavyotazama dirishani. Tunafaana. Bado hajajua tu.

Tuliandika majina kwenye vikaratasi, tukatia kapuni. Nilikaa karibu na Mkunga makusudi. Nikaona anavyokunja chake: kidogo, kigumu, kama kidonge. Zamu yangu ilipofika nikapapasa. Nikakipata. Nikakifungua mbele za watu kwa unyenyekevu wa hali ya juu.

Kinyozi.

Kumbe Kinyozi, aliyekaa upande wake wa pili, alimwiga kukunja ili amchekeshe. Mtu huyu hunifunga drafti kwa makelele. Tena ana nywele zote kichwani, katika umri ambao sisi wenzake tumebaki na masikio tu.

Jumanne, 5 Machi

Kinyozi kaniamsha. Sikuwa hata nimepata miwani. Akauliza kama niko hai. Nikajibu ndiyo. Akasema basi, afadhali, akaendelea kueleza jinsi birika lake linavyovuja.

Nimefedheheka. Anayepiga wa kwanza ndiye mwenye afya. Anayepokea ndiye mgonjwa. Kesho nitampigia mimi, na mapema.

Alhamisi, 7 Machi

Jana nilimpigia gizani. Alikuwa macho, ananingoja. Leo nimepiga mapema zaidi. Alipokea kabla haijaita vizuri, na sauti yake ilikuwa na kicheko.

Tumeongea mpaka chai ikapoa. Alinieleza kwamba tangu mkewe afariki bado anatandika upande mmoja tu wa kitanda. Nikamwambia mimi nimehamia kabisa katikati, na bado silali vizuri. Ieleweke kwamba nilikuwa nachunguza udhaifu wa mpinzani.

Ukumbini msimamizi akatusifu mbele ya wote, kwamba sisi wawili hatujakosa hata asubuhi moja. Mkunga akaongeza kwamba tunapendeza, kama mapacha.

Mapacha! Mwanamke hawezi kuanza kumfikiria pacha.

Lakini akili yangu haijastaafu. Utaratibu unasema asiyepokea ataendewa na Mkunga. Basi kesho sitapokea. Nitakuwa nimeishiwa nguvu kidogo, si sana. Kiasi cha kushikwa mkono.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa nimeegemea mlango. Sababu itafuata.

Maandalizi yalikuwa bora. Nilifagia. Nilitoa vikombe viwili vya wageni. Nilivaa pajama ile aliyoninunulia binti yangu, nikalala chali, mkono mmoja kifuani.

Simu ikaita. Sikupokea. Ikaita tena, na tena. Kila ilipokatika ilikuwa inaanza upya, kama mtoto anayevuta shati. Nilikiri moyoni kwamba Kinyozi si mvivu. Kisha ikanyamaza. Nikajua taarifa imefika kwa Mkunga.

Hapo nikafanya kosa dogo sana la kiufundi. Niliona si vizuri mgonjwa kunuka usingizi. Nikaenda kuoga.

Maji yana kelele. Sikusikia hodi. Sikusikia jina langu likiitwa ngazini. Nilichosikia ni mlango wangu ukianguka.

Nikatoka na taulo, povu machoni. Seremala wa ghorofa ya chini alikuwa amesimama juu ya mlango na nyundo mkononi. Mbele yake, Kinyozi. Kiatu mguu mmoja, ndala mguu wa pili. Shati kalivaa nyuma mbele. Amekuja mbio kutoka mtaa wa tatu, mtu ambaye hupumzika mara mbili akipanda ngazi za ukumbi.

Nilitegemea anitukane. Alinitazama kuanzia utosini mpaka kwenye maji niliyokuwa nayachuruzisha, kisha akakaa kwenye kiti changu. Mikono yake ilikuwa inatafuta vifungo vya shati kifuani, navyo viko mgongoni. Mikono iliyoshika wembe kwenye shingo za watu maisha yake yote.

Baadaye sana akasema, "Nilishakuona sakafuni. Tangu kule barabarani nilikuwa nakuona sakafuni."

Nikaeleza kwamba simu yangu imeharibika, haitoi sauti. Mkunga akawa ndio anaingia na mkoba wake. Wakati huohuo simu ikaita kutoka kwenye mto, kwa sauti kubwa, ikaruka mpaka ukingoni mwa kitanda. Alikuwa binti yangu. Kinyozi alikuwa amempigia njiani.

Mkunga aliitazama simu, akatazama vikombe viwili, akatazama pajama iliyokunjwa vizuri kitandani.

"Ulikuwa unaisikia, Bwana Mkaguzi," akasema.

Nikalaumu povu.

Hakunishika mkono. Alimshika Kinyozi, akampima presha, ikawa juu, akaushikilia mkono wake muda mrefu kuliko inavyohitajika, naamini. Wakanywa chai kwenye vikombe vyangu vya wageni. Mimi nilikuwa nimeushikilia mlango usiwaangukie.

Jumapili, 10 Machi

Binti yangu alikuja jana kutoka upande wa pili wa jiji. Alinifokea kwa saa nzima, akalia kidogo, akanipikia, akanifokea tena wakati wa kuondoka. Mlango umerudishwa. Haufungi mpaka uupige teke.

Jana Kinyozi hakupiga. Nilingoja apige ili nimwonyeshe kwamba sijali. Leo pia hakupiga. Nikaomba simu ya seremala, nikajipigia. Yangu ni nzima. Chai ilikuwa na majani yaleyale, sukari ileile, lakini haikuwa na ladha.

Nikaenda kwake. Si kwa upweke. Kuna utaratibu, na mtu anaukiuka.

Alifungua mlango, akasimama katikati yake. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu wajibu. Ikanitoka kichwani.

"Nimekuja kuona kama umeamka," nikasema.

Akavitazama viatu vyangu.

"Nimeamka."

Tukasimama pale. Birika lilikuwa linavuja huko ndani, nilisikia matone. Akasema mimi ni mtu mjinga sana. Nikakubali, kwa heshima tu, maana nilikuwa mgeni. Akasema, "Na ukirudia, nitakuja tena. Ndiyo shida yangu." Kisha akasogea pembeni nipite.

Nimelikaza birika lake kwa uzi na gundi. Akanifunga drafti. Hakupiga makelele, jambo lililonisumbua, mpaka raundi ya mwisho alipopiga.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeamka nikiwa na nguvu mpya. Nimeitafakari Ijumaa kwa kina, nimelipata kosa: kuoga. Mpango wenyewe haukuwa na dosari.

Na tazama bahati! Msimamizi amebandika tangazo kwamba kuanzia kesho kutakuwa na mazoezi ya viungo kwa wazee, na wenye magoti mabovu watakaa mbele, wakifundishwa mmoja mmoja na Mkunga.

Mimi sina goti bovu. Lakini kesho ni mbali. Nimechechemea sebuleni mchana kutwa na ninaendelea vizuri sana.

Nilimweleza Kinyozi kwenye simu, kwa siri. Akasema nimerukwa na akili, kwamba Mkunga amegusa magoti ya kweli tangu ujana wake na atanijua kabla sijakaa. Nikamwambia nimewahi kuwakagua watu maelfu, kwa hiyo najua mkaguzi haangalii wapi.

Akauliza ni goti lipi.

Nikasema la kushoto.

Akasema sawa, basi yeye atachukua la kulia.