Jinsi Waya Ulivyoishinda Waifai Sebuleni Kwetu

Enyi mlioketi na mliosimama, nyamazisheni simu zenu mnipe masikio, niwape habari ya vita vilivyopiganwa kwa mita kumi na tano za waya, na jemadari wake ni mimi, Simba wa Kochi, Mshika Rimoti, niliyewahi kushindwa na balbu.

Siku hiyo mama mkwe alikuja kwetu kumtazama kitinda mimba wake akila kiapo cha uuguzi ng'ambo, mbashara kwenye runinga. Ruta ya intaneti ilikuwa chumbani, na baina yake na runinga zilisimama kuta mbili nene kama ngome. Mke wangu alikwisha kunena tangu wiki iliyopita: "Baba watoto, vuta waya. Waifai haifiki vizuri sebuleni."

Nami nikasimama, nikahutubu: "Waya? Zama hizi? Niifunge nyumba yangu kamba kama mbuzi? Hewa itabeba!"

Hewa haikubeba. Saa nne sherehe ikaanza, picha ikaganda, kiduara kikazunguka katikati ya kioo kama ngamia wa kinu. Mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu, mbona wametulia hivi? Wanasali?"

"Wanasali, mama," nikadanganya, jasho likinitiririka.

Nikakimbilia chumbani, nikaipandisha ruta juu ya kabati, nikaigeuza huku na huko. Kiduara hakikujali. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa mlangoni na bunda la waya mkononi. Alinirushia tu.

Ndipo jemadari akalala kifudifudi. Nikatambaa koridoni, nikapenya chini ya kochi, nikapambana na vumbi la miaka saba, nikagonga utosi kwenye mguu wa meza wala nisilie. Ncha moja nilikuwa nimekwisha kuichomeka kwenye ruta. Ya pili nikaichomeka nyuma ya runinga. Ka!

Picha ikafunguka. Shemeji yangu alikuwa ndiyo kwanza anapanda jukwaani, sare nyeupe, mkono juu, akaapa pasipo kukwama hata silabi moja. Mama mkwe akapiga kigelegele peke yake, kisha akalia.

"Baba, Mungu akuweke. Kumbe mambo haya unayajua!"

Nikamtazama mke wangu. Angeweza kunimaliza kwa neno moja.

"Anayajua, mama," akasema. "Ukimpa muda."

Basi wenye kalamu na waandike: siku ya Jumamosi, saa nne na dakika ishirini, mwanamume alimsikiliza mkewe, kwa kuchelewa wiki moja tu.