Wiki ya Kuwasikiliza Wagonjwa wa Meno

Jumatatu, 3 Machi

Meneja katuita wawili, mimi wa masjala na Bwana Suti wa mapokezi. Vitengo vyetu vinaunganishwa. Kiti cha mkuu ni kimoja. Atakayekikosa anahamia ghala la mafaili, chini kabisa, chumba kisicho na dirisha. Niliwahi kufungiwa humo kwa bahati mbaya, dakika arobaini. Mpaka leo naota.

Ili apate wa kumchagua, anatupeleka kozi ya siku tano: kufikiri kama mbunifu. Mkufunzi ni mama mpole mwenye raba miguuni. Anasema mbinu hii haichagui kazi. Muuguzi ataitumia, fundi magari ataitumia, wakili naye. Kwanza unawasikiliza watu. Ndipo unataja tatizo lao, unamwaga mawazo, unatengeneza mfano wa karatasi na kuwapa waujaribu. Tena kila mmoja apewe kazi asiyoijua. Suti kapata shule ya chekechea. Mimi kliniki ya meno, mahali ambapo sijakanyaga miaka kumi na moja.

Suti anaandika kwa kalamu za rangi nne. Nne! Yangu ni moja na inavuja.

Jumanne, 4 Machi

Jibu ninalo tayari. Mashine ya namba. Mgonjwa anachukua namba, anaitwa, anaingia. Sasa kuna haja gani ya kuuliza watu? Lakini mkufunzi anataka tuwahoji watu ishirini na kuandika fomu ishirini.

Nikaenda hadi mlangoni pa kliniki. Unaanzaje na mtu usiyemjua? Habari za jino? Nikageuza, nikarudi nyumbani, nikajaza fomu zote mwenyewe mezani jikoni. Nilikuwa mwangalifu sana. Wanawake kumi na wawili, wanaume wanane. Wazee niliwaandikia kwa mkono wa kushoto.

Mke wangu akauliza nafanya nini. Nikamjibu utafiti. Akaziangalia zile fomu, akaendelea kuosha vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Aibu ya mwaka. Mkufunzi kasoma fomu zangu mbele ya darasa. Akauliza, kwa upole uleule, imekuwaje watu ishirini, pamoja na mtoto wa miaka sita, wote waseme kwamba kimsingi foleni haina tija. Muuguzi mmoja tunayesoma naye akakohoa. Suti alinitazama kwa huruma, na huruma ya Suti inauma kuliko kicheko chake. Yeye ameshinda siku mbili kwenye viti vya watoto, suruali imejaa rangi.

Mkufunzi hakunigombeza. Alisema tu kesho niende nikakae, nisikilize, nisimshauri mtu. Nikirudi mikono mitupu atamwarifu meneja.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya: kuingia kama mgonjwa. Mgonjwa haulizwi anatafuta nini. Nikamwambia wa mapokezi jino linauma, nikaonyesha lolote lililokuwa karibu na kidole. Nia ilikuwa nisikilize kidogo, kisha niteleze.

Hata kukaa sijakaa vizuri, nikaitwa. Daktari akagonga lile nililoonyesha, akasema hilo ni zima, ila jirani yake ameoza hadi mzizi, na hajui nimekuwa nikilalaje. Nilitaka kumwambia mimi ni mtafiti. Sindano ilishaingia.

Akaniamuru nikae nje saa nzima mpaka damu ikatike. Mdomo umejaa pamba, neno halitoki. Basi watu wakaanza kunisimulia! Bibi aliyekaa kushoto kwangu alisema yeye hana haraka kabisa. Kila jina likiitwa na si lake, anamshukuru Mungu. Ukuta ni mwembamba, sauti ya mashine ya kutoboa meno inaingia hadi kwenye mifupa. Dereva wa lori, baba wa miraba minne, alikiri ameshafika mlangoni akageuza mara tatu. Mama mmoja alisema mwanawe halii kwa maumivu. Analia kwa sababu hakuna aliyemweleza vile vyuma ni vya nini.

Nimejaza kurasa nne. Ningekuwa na mdomo, ningewaelewesha kuhusu mashine ya namba.

Ijumaa, 7 Machi

Shavu kama la mtu aliyeficha limau. Siku ya kuonyesha kazi, na meneja amekaa nyuma.

Suti alileta ndoano za kutundikia mikoba ya watoto, kila moja na picha ya mnyama, chini kwa kimo chao. Watoto wenyewe walishazijaribu. Makofi.

Mimi sikuweza kutamka kitu. Muuguzi akanionea huruma, akasoma kurasa zangu nne. Nikaonyesha mfano wangu, niliouunda kwa boksi la viatu: viti vimehamishwa mbali na ule ukuta, na pembeni kuna meza ya vyuma vya meno vya karatasi, mgonjwa avishike na aambiwe kazi ya kila kimoja kabla hajaingia. Kisha meneja akasema taratibu kwamba yeye pia hajaenda kwa daktari wa meno miaka tisa, na sasa anajua kwa nini.

Kesho asubuhi atampigia simu aliyemchagua. Huyo aje kutia saini kabla ya saa sita, kwani yeye anasafiri. Asipotokea, kiti ni cha mwenzake.

Nadhani kilichowagusa ni boksi. Lilikuwa gumu, la viatu vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili simu ililia, nikakaribia kuzimia. Tangazo la kampuni ya simu. Nikaizima kabisa. Moyo huu haustahimili.

Afadhali mikono iwe na shughuli. Saa tatu mke wangu akatoka jikoni na simu yake, akasema baba, kuna jambo. Nikamzuia kwa mkono. Mbunifu aliyehitimu husoma tatizo usoni. Usoni pake nikaona sufuria hazina pa kukaa. Nikaanza kutengeneza rafu.

Saa nne akarudi, akataja meneja. Nikamwomba asinitajie mtu huyo leo, nisije nikaanguka. Saa tano akaniambia niache nyundo, nimsikilize dakika moja tu. Nikamkumbusha kwamba nimesikiliza watu wiki nzima, hadi jino limekwenda. Akavaa viatu, akavivua, akakaa.

Saa saba kasoro robo rafu ilisimama. Nikamwita aione. Hakuitazama. Akasema polepole, kama anaongea na mtoto: meneja alipiga kwake saa tatu, akapiga tena saa tano. Aliyechaguliwa nilikuwa mimi. Saa sita ilipogonga, Suti akatia saini, na meneja akapiga mara ya mwisho kumwarifu.

Nilikaa sakafuni muda mrefu. Nilimwona Suti kitini pangu, nikajiona mimi ghalani, kuanzia Jumatatu. Nililia kidogo, sioni haya kuandika.

Sasa nimetulia, nimelipima jambo hili kitaalamu. Tatizo liko wazi: mke wangu hajui kufikisha habari. Nimemchorea hatua tano za kufuata, na kesho baada ya chai nitamfundisha moja moja. Amesema kuna kitu kingine meneja alimwagiza aniambie, na kwamba bado muda upo, ila ni leo tu. Nimemwambia avute subira hadi kesho, tuanze na hatua ya kwanza.