Nilivyounga Mkono wa Tela

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Mkono wa tela umepasuka. Ile pau ya mbele inayoshikwa na trekta. Ufa uko karibu na tundu la pini, na pau imeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mahindi yamevunwa, yako shambani, marundo sita chini ya maturubai. Mawingu yanajaa tangu asubuhi.

Mama mkwe amesema tumsubiri shemeji, atarudi keshokutwa. Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Amesomea kuchomelea vyuma miaka miwili, na sasa kila kinacholia hapa shambani, hata bawaba ya mlango wa choo, anaitwa yeye. Mimi nimeoa hapa miaka tisa. Sijaitwa hata kwa bawaba.

Jambo jingine. Mama mkwe anakwenda mjini wiki ijayo kutibiwa nyonga. Miezi mitatu! Funguo za ghala, za pampu na za trekta lazima amwachie mtu. Hajasema nani. Wakati wa chakula alinitazama kwa muda mrefu. Mke wangu anadai alikuwa anatazama saa ya ukutani nyuma yangu.

Mpango umekuja wenyewe nikipiga mswaki. Nitauchomelea mimi. Shemeji akirudi atakuta mahindi yamo ghalani na mimi nimekunja nne.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Mashine ya shemeji iko stoo, imefunikwa shuka kama mgonjwa. Nimeifunua. Mke wangu akauliza kama nimeomba ruhusa. Nikamjibu kwamba vitu vya familia haviombewi ruhusa. Akauliza kama najua kuitumia. Nikasema nimemtazama mdogo wake akiitumia mara nyingi. Akasema hata yeye amemtazama daktari wa meno mara nyingi, lakini hajawahi kumng'oa mtu jino. Nimempuuza.

Kazi imeanza saa nne. Tela sikulifungua kutoka kwenye trekta. Nilifungue, kisha nilifunge tena, ya nini? Akili ni nywele. Ile kinga ya uso yenye kioo cheusi nimeivua baada ya dakika mbili, maana ndani yake ni giza tupu, huoni hata mkono wako. Cheche! Moshi! Harufu ya ufundi! Vijiti kumi na nane vya kuchomelea vimekwisha. Palipokuwa na ufa sasa pana nundu kubwa kuliko ngumi yangu. Nimeipiga nyundo, nyundo imenirudia.

Mama mkwe akapita na mkongojo wake, akasimama.

“Mwanangu, macho umeyakinga?”

Nikasema ndiyo, mama.

Jioni. Macho yanawasha kidogo. Vumbi.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Leo nasema, mke wangu anaandika. Macho hayafunguki. Ni kama yamemwagiwa mchanga wa moto. Nimelala na kitambaa cha maji usoni. Ni ajali ya kazi, humpata fundi yeyote. (Humpata anayevua kinga. Mimi mke.)

Shemeji amerudi mchana. Nimemsikia akiuliza nani amegusa mashine yake. Nimesikia hatua zake zikielekea kwenye trekta. Kisha kicheko. (Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo.)

Inasemekana mkono wa tela, pini na ndoano ya trekta sasa ni kitu kimoja. Nimewaeleza nilifanya makusudi, pini zinaibiwa sana siku hizi. Shemeji ameuliza swali moja tu: kabla ya kuanza, nilitoa waya wa betri ya trekta? Nikamuuliza betri na tela vinahusiana nini. (Akashika kichwa kwa mikono miwili.)

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Macho yamefunguka. Trekta haliwaki. Halikohoi hata kidogo. Shemeji anasema umeme wa kuchomelea umepita humo na kuunguza kifaa cha kuchajia, na betri imekwenda nacho. Nikashauri tulisukume. Tukasukuma: mimi, mke wangu, shemeji na mkamuaji wa ng'ombe. Kusukuma trekta ni kazi. Kusukuma trekta lililooa tela ni kazi nyingine kabisa. Hatua tatu, tukagonga hori la ng'ombe, basi.

Saa tisa mvua ikashuka. Tukakimbilia shambani. Upepo ulikuwa umefunua turubai la rundo la mwisho, mahindi yanaoga. Mama mkwe alifika kabla yangu, na nyonga yake ile. Amesimama kwenye matope, ameshika kona ya turubai kwa mikono miwili, mkongojo umeanguka pembeni. Nikaenda nikashika kona ya pili. Tulisimama hivyo mpaka mvua ikaisha. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Shemeji amekata kazi yangu kwa msumeno wa umeme. Dakika arobaini. Nundu ikaanguka chini kwa mlio mmoja. Ufa ulikuwa palepale chini yake, haujaguswa! Chuma changu chote kilikuwa kimekaa juu tu, kama siagi.

Akausafisha, akauchimba mfereji, akachomelea taratibu, akaacha chuma kipoe, akaongeza mabamba pande zote mbili. Jirani akatuazima trekta lake. Jioni marundo matano yamo ghalani. La sita limeanikwa, na sehemu yake watakula ng'ombe.

Baada ya chakula mama mkwe alifungua funguo kiunoni, akamkabidhi shemeji mbele yetu sote. Kisha akanigeukia.

“Na wewe mwanangu, nakuachia paka.”

Nimeshukuru. Paka naye ni jukumu.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Amekuja mfugaji wa kuku wa ng'ambo ya daraja. Mtu wa heshima, kuku elfu mbili. Shemeji alikuwa amekwenda kutafuta betri, mke wangu kalala. Nilikuwa peke yangu barazani.

Amesema sifa za tela letu zimefika hadi kwao, limebeba mzigo wote ule wala halikutikisika. Aliuliza fundi ni nani. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Shida yake: mnara wa chuma unaobeba tangi la maji la banda la kuku. Mguu mmoja umepasuka. Tangi ni la lita elfu tano, limejaa, na liko juu kabisa. Tumekubaliana kesho saa tatu. Akauliza kama amwage maji kwanza.

Nimemwambia asijisumbue, kazi yenyewe ni ndogo.