Sungura Wangu Hali Mavi

Jumatano, mosi Rajabu, mwaka 1313

Mungwana hakula tena. Nimemwekea matembele mabichi yenye umande, nimeyachuma mwenyewe, mgongo unaniuma hadi sasa. Ameyanusa, akanipa kisogo. Mgongo wake umebaki mifupa. Manyoya yale meupe, yaliyokuwa yakiwasimamisha watu njiani, yamesimama ovyo.

Mke wangu Mwanahamisi kasema nimvue kibuyu shingoni. Nimemwambia asinifundishe kazi.

Niyaandike mambo yalivyo, maana hasira ikinipanda nasahau lililotangulia. Huyu ni sungura wa Ulaya. Mweupe, macho mekundu. Nilimpata kwa Mzungu mmoja wa serikali ya Bula Matari aliyepita na mitumbwi akielekea Nyangwe. Alikuwa na kizimba kizima cha sungura wa kitoweo, na huyu ndiye aliyebaki. Nikampa kanga wawili wanono, akaniachia. Hapa Kindu hakuna mwingine. Nikamwita Mungwana, kwa kuwa ni mtaratibu, hapigi kelele, na hupangusa uso kila saa, utadhani anajiandaa kwa sala.

Kisha jirani yangu Waziri, yule mwenye kasuku, akapita uani kwangu alfajiri. Akamkuta Mungwana amejikunja, mdomo uko nyuma. Jua halijapanda, baraza zima la msikiti linajua. "Mungwana ya Asumani iko anakula mavi yake." Watu walicheka hadi wakashika nguzo. Nikaapa mbele yao, Wallahi, sungura wangu hali mavi. Siku ileile nikakata mdomo wa kibuyu kikubwa, nikamvika shingoni. Upana wa sahani. Hajifikii nyuma hata akitaka. Mnyama safi, heshima imerudi.

Na sasa anaumwa. Ni jicho la Waziri, hakuna kingine.

Ijumaa, 3 Rajabu

Nimeamka na mpango. Mwalimu Ramazani anaandika kombe lisiloshindwa: aya kwa zafarani juu ya sahani, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Shida ni kwamba haandikii wanyama. Mwaka jana alimfukuza mtu na mbuzi wake hadi mtoni.

Kwa hiyo nilimwambia ni shemeji yangu, kaka yake Mwanahamisi, amekuja kutoka Kasongo. Hali kitu. Amekonda, hawezi hata kusimama. Mwalimu akauliza kama anaweza kusema ni wapi panapomuuma. Nikajibu kwamba tangu afike kwangu hajatamka neno. Hapo sikusema uongo. Mwalimu alisikitika sana, akaandika sahani nzima, pembeni mpaka pembeni.

Nilimnywesha Mungwana kwa kijiko. Nusu iliingia kinywani, nusu ilijaa kwenye kibuyu. Nikaikinga, nikamnywesha tena. Kazi safi.

Baada ya sala ya alasiri nani anabisha hodi? Mwalimu mwenyewe, na wazee wawili, na bakuli la uji. Wamekuja kumjulia hali mgonjwa. Nikasema mgonjwa amekwenda kuoga mtoni. Mwalimu akauliza mtu asiyeweza kusimama alifikaje mtoni. Nikasema alibebwa. Wakasema basi watangoja arudishwe, wakaketi. Mwanahamisi alisimama mlangoni akiniangalia, wala hakunisaidia hata kwa neno moja, na huyo kaka yake yuko Kasongo anakula sahani tatu kwa siku.

Mungwana akatoka chini ya kitanda. Kidevu njano kwa zafarani, kibuyu shingoni. Mwalimu akamnyooshea kidole.

"Huyu njo shemeji?"

Akasimama, wazee wakasimama. Akauchukua na uji wake! Uji uliokwisha kuingia ndani ya nyumba yangu. Mtu wa dini gani anaondoka na uji wa mgonjwa?

Jumatatu, 6 Rajabu

Siku ya soko. Bibi Safi kashuka kutoka Kailo na matita yake ya majani. Anatibu mbuzi na kuku, wanamsifu kila mahali. Aliwaponya hata mbuzi wa Waziri, jambo ambalo mimi nisingejivunia.

Nikampelekea Mungwana ndani ya kikapu. Akampindua, akambonyeza tumbo, akamtazama meno. Akauliza anakula nini. Matembele, nikasema. Akauliza choo chake kikoje, kigumu au laini, kingi au kidogo.

Nikageuka. Waziri huyo, amesimama nyuma yangu kwa muuza chumvi, sikio wazi. Basi nikajibu kwa sauti ya kusikika kwamba hakitoki kitu. Huyu ni mnyama safi.

Bibi Safi akauliza mara ya pili. Nikamjibu vilevile, kwa sauti zaidi. Akafuta mikono kwenye nguo.

"Nyama yenye haitoke kitu, ile imekufa zamani. Peleka kwa muke wako apike."

Kisha akauliza kibuyu ni cha nini. Pambo la kwao Ulaya, nikasema. Akataka nimvue aone shingo. Nimvue! Katikati ya soko, mbele ya Waziri, ajikunje pale pale watu wote waone? Nilikataa. Bibi Safi akarudisha majani yake kwenye tita, akamwita mwenye kuku aliyefuata. Kaja kutibu au kaja kuhoji watu? Mganga wa kweli haulizi maswali mengi namna ile.

Waziri alinunua chumvi yake akiimba kwa pua. Nyumbani ana chumvi tele, nimeiona.

Jumatano, 8 Rajabu

Wamekuja Wazungu kwenye kambi ya askari, na mmoja ni mganga wao. Nikasema heri, mtu wa Ulaya, mnyama wa Ulaya, watafahamiana. Nilipanga mstari na askari wenye vidonda tangu asubuhi. Jua kichwani, Mungwana ndani ya kanzu, kibuyu kinanikwaruza kifua.

Zamu yangu ikafika. Mganga akafurahi sana kumwona. Nami nikafurahi. Akambeba, akampapasa mgongo, akampapasa mapaja, akatikisa kichwa, akasema maneno mengi kwao. Mkalimani akanifasiria kwamba bwana mkubwa anashukuru sana kwa zawadi, ila ni mwembamba mno, nimrudishe akinona.

Nilimpokonya mikononi. Askari walicheka, nikawaambia neno ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa huu ni mwezi mtukufu. Nimerudi nyumbani kwa hasira. Nilimpa mtu kanga wawili kumwokoa huyu kwenye sufuria, leo nikampeleka mwenyewe hadi kwenye sufuria nyingine.

Alhamisi, 9 Rajabu

Amelala ubavu. Nikimwita hainui sikio.

Nimeketi naye tangu adhuhuri. Nampenda mnyama huyu. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nikirudi nimechoka hunijia miguuni bila kuniomba kitu, na nyumba hii hakuna mwingine asiyeniomba kitu. Namkasirikia pia. Anakufaje, baada ya yote niliyomfanyia?

Na najua kitakachofuata. Waziri atakuwa wa kwanza kuja kunipa pole. Atavaa kofia mpya. Atauma midomo asicheke.

Hapana. Akifa, afie kwa Waziri. Aelezwe yeye mbele ya watu jinsi sungura wa pekee wa Kindu alivyokutwa maiti uani kwake. Hapo ndipo pole zitakapobadilika rangi.

Magharibi, wanaume walipokuwa wakielekea msikitini, na Hadidja mke wa Waziri amekwenda mtoni, nilipita nyuma ya nyumba yao. Nilimvua kibuyu kwanza, maana kila mtu anajua ni kazi ya mkono wangu. Nikamlaza nyuma ya kapu la mihogo. Alinitazama kidogo. Nikaondoka haraka, nikachelewa rakaa ya kwanza, nikaswali nyuma ya Waziri huyohuyo. Sijui nilisoma nini.

Ijumaa, 10 Rajabu

Nimengoja kelele. Hakuna kelele. Nimepita mbele ya nyumba ya Waziri kwenda na kurudi, mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema natembea kwa afya.

Sikula mchana. Wala usiku.

Jumapili, 12 Rajabu

Anakula!

Mwanahamisi kaambiwa na Hadidja mtoni. Anakula matembele, anakula maganda ya ndizi, jana kauma ukindu wa mkeka. Wamemweka kwenye tenga la kuku, bila dawa, bila kombe, bila chochote. Nimechungulia kwao. Kweli. Waziri ameketi barazani, kasuku upande huu, sungura wangu upande ule, na watu wamesimama kutazama, wanamsifu yeye.

Nimegharamika zafarani, nimechekwa na askari, nimenyimwa uji. Yeye kafanya nini? Kamtia kwenye tenga! Mwanahamisi alikuwa akitabasamu alipokuwa akinisimulia. Nimemkataza kutabasamu.

Jumanne, 14 Rajabu

Nilikwenda kumdai. Waziri akanipokea kwa adabu, ndugu yangu hapa, ndugu yangu pale. Akasema ameokota mnyama aliyepotea, na sheria ya kitu cha kuokota inajulikana: anayedai ni chake ataje alama yake mbele ya watu. Akamwita Mwalimu Ramazani aamue. Na Mwalimu hajamsahau shemeji.

Baada ya alasiri baraza la msikiti lilijaa. Nikasema wangu ni mweupe. Waziri akasema sungura wa Ulaya huenda wote ni weupe, nani amewaona wote? Nikasema macho mekundu. Akasema vilevile. Nikasema anaitwa Mungwana. Mwalimu akaita, Mungwana, Mungwana. Yule bwege akaendelea kujikuna.

Ndipo Waziri akasema atanisaidia, kwa ujirani. Mnyama huyu anayo alama moja, ameiona kila alfajiri tangu ampate. Anajikunja, anakula kinachotoka kwake mwenyewe, kisha anashinda mzima mchana kutwa. Sasa ndugu yetu Asumani aliapa hapahapa kwamba wake hali mavi. Basi huyu si wake.

Kunitega namna ile, mbele ya wazee, kwa kiapo changu mwenyewe! Mwalimu akanigeukia. Wako anakula, au hali?

Nilimtazama Mungwana ndani ya tenga. Amenenepa. Masikio yamesimama. Kama ningesema hali, heshima yangu ingebaki, na yeye angebaki kwa Waziri.

Nikasema anakula.

Mwalimu akasema watu wa nyuma hawakusikia.

"Sungura yangu njo hii. Iko anakula mavi yake."

Sitaandika jinsi walivyocheka. Mwalimu akahukumu nirudishiwe mnyama, na kwa kile kiapo cha uongo nifunge siku tatu, kuanzia kesho. Waziri akanikabidhi tenga mkononi. Akaniinamia sikioni, hata hakucheka.

"Ndugu, umuache tu ale. Njo dawa yake."

Namfahamu vizuri. Anataka niaibike maisha.

Ijumaa, 17 Rajabu

Leo namaliza saumu ya kiapo. Siku tatu tumbo tupu, na Mungwana mbele yangu anatafuna tangu asubuhi. Mzima kabisa. Amerudi kunijia miguuni.

Nimepata nafasi ya kufikiri ni nini kilichomponya, na nimegundua. Ni kombe la Mwalimu. Dawa ya kweli haina haraka, ilikuwa ikimfanyia kazi ndani kwa ndani, ikaja kumalizia kazi akiwa kwa Waziri, na Waziri akajichukulia sifa. Kesho nitampelekea Mwalimu kuku wa shukrani. Huenda akanirudishia ule uji.

Mchana wamefika wafanyabiashara kutoka Kasongo, watu wa heshima, nguo safi. Walikwisha kusikia habari za sungura mweupe, wakaja moja kwa moja kwangu, si kwa Waziri. Nikawatolea mkeka. Mkubwa wao akauliza kwa upole kama ndiye yule anayesemwa kwamba anakula mavi yake.

Wallahi, nikasema, sungura wangu hali mavi. Huo ni uzushi wa jirani.

Walipoondoka nikakata kibuyu kingine, kipana kuliko cha kwanza, nikakisugua kingo kwa majani ya msasa ili kisimkwaruze. Kimemkaa vizuri sana. Waziri alipita, akaona, akatikisa kichwa. Husuda haijamwisha.

Jioni nimefungua saumu, nikamwekea Mungwana matembele. Ameyanusa, akanipa kisogo. Ni lile jicho tena. Nasikia kuna mganga mzuri kijiji cha Tunda, nitamfuata Jumatatu.