Jinsi Orrin Alivyokitwaa Kiti cha Mbele

Tulieni nyote, zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana habari hii haikubali kukatizwa: ni habari ya Orrin Tuttle, Simba wa Arizona, Mwenye Makalio ya Mawe, siku aliyopigana na barafu ya Korongo Kuu, mwezi wa Januari, akikitaka kiti cha mbele cha gari.

Adui yake alikuwa Verna, mama mkwe wake, aliyefunga kwenye buti zake meno ya chuma ya kuuma barafu. Ya Orrin yalibaki garini. Aliyakataa mwenyewe, kifua mbele, mkewe Darla akitazama kutoka kwenye usukani. Kushuka korongoni alishuka kwa makalio. Kupanda sasa, makalio hayapandi.

Kwenye kona ya mwisho, njia ikiwa imesimama kama ukuta, Verna akatangaza vita.

"Mkwe! Wa mwisho kufika juu anakaa nyuma na mbwa mpaka mjini Flagstaff."

"Mama, yule mbwa anatapika!"

"Kwani mimi nakimbilia nini?"

Orrin akapiga hatua moja, akarudi tatu. Akatambaa, barafu ikamtema. Akaikemea kwa sauti ya jemadari, ikamtema tena.

Ndipo zikasikika kwato. Msafara wa nyumbu, wale wana wa punda na farasi, ulikuwa unapanda na mizigo. Mkwe na mama mkwe wakajibana kwenye ukuta wa mwamba, kimya, kama sheria ya njia ile inavyotaka. Majeshi yakapita kwa fahari, na kila askari akainua mkia, akaangusha zawadi ya moto katikati ya barafu.

"Mimi siyakanyagi hayo," Verna akasema. "Buti mpya hizi." Akaanza kunyata pembeni, ametanua mikono kama bata.

Orrin akakanyaga bonge la kwanza. Buti likashika! La pili, likashika! Akapaa, bonge kwa bonge.

"Orrin! Unanuka, wewe!"

"Nanuka ushindi, mama!"

Akampita.

Garini, Verna akaketi nyuma, mbwa akamlalia mapajani. Akavuta pumzi mara moja tu.

"Darla mwanangu, shusha vioo vyote. Huyu mumeo ataniua."

Vikashushwa vyote vinne. Theluji ikaingia, masharubu ya shujaa yakaganda, meno yakagongana njia nzima. Lakini dunia na ijue, na milima ishuhudie: alikaa mbele.