Meneja Apita Chini ya Reli

Tegeni masikio, enyi wakazi wa Kitengela na Kajiado, mabwana wenye magari na akina mama wenye mitungi, msikie jinsi Nakhumicha binti Khisa, muuza maji asiyeshindwa na kilima, alivyoiteka njia mpya ya chini ya reli!

Matingatinga yalikuwa yameyatafuna makutano yale ya Kajiado hadi watu wakasahau yalivyokuwa. Hatimaye, Jumamosi moja asubuhi, vizuizi vikaondolewa. Mbele ya magari yote alisimama Nakhumicha na mkokoteni wake wa maji, akielekea arusini kwa rafiki yake Selpha, ambako wapishi hawakuwa na hata tone. Aliyeuvuta ni Meneja, punda shujaa, mwenye masikio kama mikuki miwili.

Meneja akafika mdomoni mwa njia, akauona mtaro uliofunikwa kwa vyuma, akaisimika miguu yake kama nguzo za daraja. Akagoma.

Honi zikalia kama baragumu za vita. Ndambuki, mshika bendera wa ujenzi, akajitokeza kwa ghadhabu kuu.

"Mama Maji! Wahandisi wamepima, simiti imekauka, foleni imefika Isinya! Kweli ni punda yako atashinda serikali?"

"Ndambuki, punguza sauti. Meneja hajawahi kunikataa. Kuna kitu ameona."

"Mchape!" akanguruma dereva wa lori.

"Atakayemchapa atabeba haya maji na mgongo mpaka kwa Selpha!"

Lori likapandisha kioo.

Nakhumicha akainama, akatazama pale alipotazama punda. Kati ya vyuma palikuwa na giza tupu. Moyo ukamwuma, kwani alijua dawa, na dawa ilikuwa mabegani mwake: kitenge cha sare ya arusi, kipya, hakijaguswa na maji. Akashusha pumzi. Akakivua, akakitandaza juu ya mtaro.

"Pita, baba. Sasa ni barabara kama zingine."

Meneja akakinusa, akapiga chafya, akaweka kwato moja. Kisha ya pili. Magurudumu yakafuata, na mlio wa punda ukajaa chini ya reli kama ngoma ya ushindi.

"Amepita!" Ndambuki akapaza sauti, bendera ya kijani juu. "Kajiado, shuhudieni! Amefungua barabara!"

Nakhumicha akakiokota kitenge, akaitazama alama ya kwato katikati ya maua, akajifunga vivyo hivyo. Akaingia arusini kifua mbele, kama jemadari aliyevishwa nishani, na wanawake wote wakampigia vigelegele kabla ya bibi arusi.