Gari Lililomdhani Kila Mtu Mwizi

Wiki ya Krismasi Kariakoo hupumua. Wachaga wanafunga maduka, wanapakia magodoro juu ya magari na kushika njia ya Moshi kwenda kuchinja, na mitaa inabaki na nafasi ya mtu kunyoosha mkono bila kumtia mwenzake kidole cha jicho. Kwa wengine huo ni wakati wa kupumzika. Kwa Zahoro ulikuwa wakati wa mavuno, maana Mchaga aliyechelewa kwao Krismasi ni mtu mwepesi kuliko karatasi ya maandazi.

Zahoro alikuwa fundi wa magari asiyejua magari. Hilo lisikushangaze. Wapo waganga wasiojua dawa, na wanakula vizuri. Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeshafunguka, kila kitu kinakuja kwa meli kikiwa kimeshatumika na wenzetu: nguo, friji, viatu, na magari ya Kijapani. Mwenye gari naye hulala jicho moja wazi kwa kuogopa wezi, basi kila mtu akafunga alamu. Zile alamu za bei ya chini zilitoka kwenye kontena moja, zikafanana kama maharage, na Zahoro akagundua kwamba rimoti aliyoiokota mtaa wa Gerezani inazifunga na kuzifungua karibu zote.

Kazi yake ikawa nyepesi. Anapita kando ya gari la mtu, anabonyeza mfukoni. Gari linasema twi, umeme wa stata unakatika. Mwenye gari anakuja, anazungusha ufunguo, linasema tik na kunyamaza kama mke aliyeudhiwa. Hapo ndipo Zahoro hutokea, shati jeupe, kipimo cha daktari shingoni, akitembea kama mtu aliyekuwa anaenda zake. Anaweka kipimo juu ya boneti, anasikiliza, anatikisa kichwa, anabonyeza tena mfukoni. Gari linawaka, mwenye gari analipa na kushukuru juu yake.

Sasa tuseme ukweli: wiki hiyo Zahoro hakuwa na shida. Kiunoni, ndani ya mkanda wa kitambaa, alikuwa na mahari ya Mwantumu wa Magomeni, yote, haikupungua hata noti. Shangazi yake Mwantumu alikuwa ameshasema: Jumapili hii, kwa mkupuo, si nusu nusu kama mtu anayelipia redio. Ikikosekana, barua ya posa irudi ilikotoka, kuna mwenye duka la mkaa anasubiri nyuma. Mtu wa busara angekaa ndani mpaka Jumapili, mkono kiunoni. Lakini Zahoro alitamani kufika kwa wakwe akiwa na mahari na cha juu yake.

Ijumaa asubuhi, Mtaa wa Kongo, akaliona. Gari la rangi ya samli, linang'aa, limesimama mbele ya duka la vyombo la Mama Candida. Juu magodoro, nyuma masufuria na mablanketi, na kwenye kiti cha mbele imekaa televisheni, imefungwa mkanda kama mtoto wa mwisho.

Akabonyeza. Twi. Taa zikapepesa.

Mama Candida akatoka dukani. Alikuwa mama wa taratibu. Hakuna mtu Kariakoo aliyewahi kumwona akikimbia wala akipandisha sauti. Akafunga kufuli, akaingia garini, akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik.

"Haliwaki," akasema.

"Shikamoo mama," akasema Zahoro, ambaye alikuwa anaenda zake.

"Marahaba baba. Nani wewe?"

"Fundi Zahoro. Fundi wa alamu. Nilikuwa napita tu."

"Wanaopita ndio wanaosaidia. Tazama, haliwaki."

Zahoro akaweka kipimo juu ya boneti. Akafumba macho. Wapita njia wawili watatu wakasimama, maana mgonjwa wa namna hiyo haonekani kila siku.

"Mama, leo ulilifungua kwa hasira?"

"Mimi sina hasira tangu mwaka juzi."

"Basi limeshtuka lenyewe. Haya magari yana akili, mama. Limekudhani mwizi."

"Mwizi wa gari langu?"

"Lenyewe halijui kama ni lako. Linajua ufunguo wake tu. Likishamdhani mtu mwizi, limefunga moyo."

"Maskini," akasema Mama Candida, akaupapasa usukani. "Sema dawa yake upesi baba. Nikichelewa, mama mkwe atachinja bila mimi, na akichinja bila mimi nitasimuliwa mpaka Pasaka. Kama halitengenezeki, bora niliuze hapa hapa nipande basi. Nikiliacha mtaani, nikirudi nitakuta tairi zimekwenda kula Krismasi na watu."

Zahoro alikuwa ameshafungua mdomo kutaja bei ya matibabu. Lakini lile neno "niliuze" liliingia sikioni mwake, likavuta kiti, likakaa.

"Mama," akasema polepole, "mimi sitakudanganya."

Maneno hayo, kwa mtu wa mjini, ni sawa na honi. Mama Candida hakushtuka.

"Dawa yake iko Japani. Miezi mitatu, minne."

"Kwa hiyo halitawaka?"

"Halitawaka."

"Hebu sema tena, mzee Kanti asikie."

Mzee Kantilal alikuwa na duka la vifungo na zipu ng'ambo ya barabara. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi. Zahoro akageuza uso kidogo, kwani mwezi wa mfungo alikuwa amelitibu pikapu la mzee huyo mara mbili katika wiki moja. Lakini Kantilal alimtazama juu ya miwani kama mtu anayetazama ukuta.

"Fundi anasema halitawaka," akasema Mama Candida.

"Kweli?"

"Kweli mzee," akasema Zahoro.

"Basi mimi nalichukua kwa spea. Milango, taa, viti. Nakupa bei ya vyuma, mama."

Damu ya Zahoro ikapanda. "Mzee Kanti, wewe unauza vifungo. Gari la nini?"

"Na wewe fundi, gari lisilowaka la nini?"

"Mimi namwonea mama huruma."

"Huruma ni kitu kizuri," akasema Kantilal, akanywa chai. "Mimi naongeza kidogo juu ya huruma yako."

Bei ikapanda. Zahoro akitaja bei, mzee anaongeza kidogo; mzee akinywa chai, Zahoro anatokwa jasho. Watu wote mtaani waliona gari bovu. Zahoro peke yake aliona gari zima, lenye kufuli dogo ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwake mwenyewe. Alikwishajiona anaingia Magomeni amekaa nyuma ya usukani, kiwiko dirishani. Hata akiliuza Jumamosi, mahari itarudi na rafiki zake. Akajificha nyuma ya nguzo, akafungua mkanda wa kiunoni, akaitoa mahari yote.

Mama Candida alizitazama zile fedha, hakuzigusa.

"Baba, mimi mtu mzima, sipendi lawama. Gari haliwaki. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unalinunua hivyo lilivyo, mzee Kanti anaona."

"Hivyo hivyo."

"Nakwambia kwa mara ya mwisho. Haliwaki."

"Mama, ukiendelea utaniliza."

Basi akapokea fedha, akatoa kadi ya gari na ufunguo. Wapagazi wakashusha magodoro, masufuria, mablanketi, na mwisho televisheni ikafunguliwa mkanda. Teksi ikaja, mama akapanda taratibu, akampungia mkono. Zahoro alisubiri mpaka teksi ilipokata kona ndipo akaingiza mkono mfukoni.

Twi, likasema gari, kwa utii.

Akakaa, akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka kwa nguvu: nyonga, nyonga, nyonga. Haikushika. Kwenye dashibodi kitaa chekundu chenye picha ya ufunguo kikawa kinapepesa, kama jicho la mtu mwenye siri.

"Limekunywa petroli nyingi," akajiambia. Akasubiri. Nyonga, nyonga. Kitaa kikapepesa.

Akashuka, akafunga mlango kwa ufunguo, akaufungua kwa ufunguo, maana aliwahi kumsikia mtu akisema dawa ni hiyo. Haikuwa. Akaacha ufunguo umewashwa bila kupiga stata, akakaa kimya kama mtu anayeswali, akingoja kitaa kizimike. Kitaa kilikuwa na subira kuliko yeye. Akafungua boneti, na hapo akakumbuka kwamba hakuwahi kuifungua boneti ya mtu yeyote. Akachomoa nyaya za betri, akazirudisha. Alamu ikalia, mtaa mzima ukageuka, akaizima kwa rimoti mbele ya macho ya watu.

Kantilal alikuwa bado amesimama kizingitini na chai yake.

"Fundi, jaribu kile kipimo."

Zahoro akakitia kipimo ndani ya shati.

"Nikuitie fundi?"

"Mimi ndiye fundi."

"Ndiyo. Lakini mwingine."

Akaja fundi Leodegar kutoka gereji za Gerezani, mikono imejaa grisi, spana mfuko wa nyuma. Alipoliona gari tu akacheka.

"Bibi Mkubwa kafika huku?"

"Unalijua?" akauliza Zahoro.

"Nani asiyelijua? Limekaa gereji kwetu tangu mfungo. Ufunguo wake wa asili una kitu kidogo ndani, gari linautambua kama mtoto anavyomtambua mama yake. Huo ulibaki Japani. Huu wako umechongwa: unafungua mlango, unazungusha stata, lakini gari linakuona mwizi. Mama Candida alijaribu mafundi wote. Leo alfajiri tumelisukuma wenyewe mpaka hapa, tukampakilia na magodoro."

"Mlipakia magodoro kwenye gari bovu?"

"Mama alisema anatafuta mnunuzi mwenye uhakika kwamba gari ni zima. Tukamwambia, mama, mtu huyo Dar nzima hayupo. Akasema yupo, anapita pita na kipimo cha daktari."

Zahoro akamgeukia Kantilal. "Mzee, mmenitapeli. Nakwenda polisi."

"Nenda," akasema Kantilal kwa upole. "Mama alikwambia haliwaki. Wewe fundi ulisema halitawaka. Mimi shahidi nilisema bei ya vyuma. Polisi watauliza nani kasema uongo, na kwa nini ulinunua. Uwaambie na habari ya rimoti." Akamalizia chai. "Pikapu langu linakusalimu."

Ikafika Jumapili. Mtu mwingine angekimbilia kwa ndugu zake Tanga. Lakini Zahoro alimpenda Mwantumu, huo ndio ukweli pekee aliokuwa nao mwilini, na ulimi alikuwa nao bado. Akaoga, akavaa kanzu, akakusanya vijana wa mikokoteni. Wakalisukuma gari kutoka Mtaa wa Kongo. Mteremko wa Jangwani likaenda lenyewe, na kwa muda ule mfupi, upepo usoni na kiwiko dirishani, Zahoro alikuwa mtu mwenye gari. Kisha ukaja mlima wa Magomeni.

Shangazi alikuwa barazani na wazee. Alilitazama gari, akawatazama vijana wanaohema.

"Shangazi," akasema Zahoro, "noti zinaisha. Mahari ya Mwantumu nimeona iwe kitu cha kudumu."

"Naona. Mbona limekuja kwa miguu ya watu?"

"Ni desturi ya kwetu. Gari la mahari haliwashwi. Likiwashwa kabla ya ndoa, ndoa huwa na kelele."

Wazee wakatazamana; mmoja alianza kutikisa kichwa kukubali. Shangazi akawaza, kama mwanamke aliyekwishaozesha wasichana wengi na kusikia kila aina ya maneno.

"Desturi nzuri sana," akasema. "Na sisi tunayo yetu. Bibi arusi wetu hatoki ndani mpaka mahari yake itembee yenyewe."

Vijana wakauliza nani anawapa soda. Wingu lilikuwa limetanda upande wa Kigogo, na matone ya kwanza yakaanza kupiga boneti, ndipo sauti ya Mwantumu ikasikika kutoka dirishani.

"Zahoro, funga vioo. Mvua itakulowanishia viti."

Zahoro akaingia garini, akazungusha kioo kimoja baada ya kingine, akabaki humo.